Siku ya 366: sharti moja lililogandisha Zune

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 31 Desemba 2008, vicheza muziki vya Microsoft vilivyoitwa Zune 30 vilianza kuganda. Mtu aliwasha chake, picha ya mwanzo ikatokea kwenye kioo, na mambo yakaishia hapo. Ukibonyeza kitufe hakiitiki. Ukitaka kukizima hakizimiki. Siku hiyo hiyo watu wasiojuana, walio mbali na mbali, wakawa wanalalamikia jambo moja: Zune yangu imekufa. Ndugu zake wa toleo jingine, Zune 4, 8, 80 na 120, waliendelea kupiga muziki kama kawaida. Iliyoganda ni Zune 30 peke yake.

Zune 30 iliingia sokoni Marekani tarehe 14 Novemba 2006. Ilikuwa na diski ngumu ya gigabaiti 30, iliundwa kwa kushirikiana na Toshiba, na Microsoft ilitaka kushindana nayo dhidi ya iPod ya Apple, ambayo ilikuwa sokoni tangu 2001 na tayari ilikuwa imelishika soko hilo. Basi kifaa kilikuwa na miaka miwili na ushee mikononi mwa watu. Si kitu cha majaribio, wala si kitu kilichochoka.

Siku ile ile Microsoft wakatoa maelezo: kuna hitilafu katika programu inayoendesha saa ya ndani ya kifaa, inayohusu namna kinavyoshughulikia mwaka mrefu, yaani mwaka wenye siku 366. Na dawa waliyotoa ilikuwa hivi: acha betri iishe kabisa, subiri mpaka ipite saa sita mchana kwa saa za Greenwich tarehe 1 Januari 2009, yaani saa tisa alasiri kwetu Afrika Mashariki, kisha chomeka kwenye chaji uwashe. Kitapona chenyewe.

Naomba anayeanza kujifunza programu asimame hapo kidogo kabla hatujaendelea. Kifaa kinaumwa siku moja na kinapona siku ya pili bila kuguswa na fundi. Hakuna waya uliokatika wala chipu iliyoungua, maana waya uliokatika haujiungi kwa sababu kalenda imegeuka. Ugonjwa unaofuata tarehe ni ugonjwa wa masharti. Mahali fulani ndani ya programu pameandikwa "kama", na siku hiyo moja jibu la "kama" hiyo likaenda njia ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Nakichagua kisa hiki kwa sababu somo la masharti huwa tunalifundisha kwa mifano iliyokamilika mno. Kama alama ni 50 au zaidi, andika "amefaulu". Sivyo, andika "amefeli". Mwanafunzi anaelewa kwa dakika tano, anaona ni rahisi, anapita. Njia zote mbili zimejazwa, kwa hiyo hajawahi kuona hasara ya njia iliyoachwa tupu. Kisa cha Zune ni mistari michache tu, anayeanza anaweza kuisoma yote, na bado ndani yake kuna kosa ambalo hata aliyezoea hulipita bila kuliona mara ya kwanza.

Saa inayohesabu siku tu

Saa ya ndani ya Zune 30 haikuwa na habari ya Desemba wala ya mwaka 2008. Ilihesabu siku. Tarehe 1 Januari 1980 ni siku ya 1, tarehe 2 ni siku ya 2, na kuendelea. Ili kioo kioneshe tarehe inayoeleweka na binadamu, programu ndogo inachukua hesabu hiyo kubwa ya siku na kuigeuza kuwa mwaka, mwezi na tarehe. Programu hiyo, inayoitwa kiendeshi cha saa, ilitoka Freescale, iliyokuwa kampuni ya Marekani ya kutengeneza chipu, na iliandikwa kwa lugha ya C. Msimbo wake, yaani maagizo yenyewe kama yalivyoandikwa, ulisambaa hadharani siku zile zile, na watu wengi wakausoma.

Wazo lake ni la mtu anayehesabu kwa vidole. Una siku nyingi mkononi. Anza mwaka 1980. Zikitosha kutoa mwaka mzima, toa siku za mwaka huo, sogea mwaka unaofuata. Rudia. Zikibaki siku zisizotimiza mwaka, mwaka uliofikia ndio mwaka wa leo, na zilizobaki ndizo siku za mwaka huo.

Hapa nimeuandika kwa Kiswahili. Kwenye C, "wakati" huandikwa while, "kama" huandikwa if, na "sivyo" huandikwa else. Maneno siku na mwaka ni vibadilika, yaani majina yanayobeba namba inayoweza kubadilika kadiri programu inavyokwenda.

```
mwaka = 1980

wakati siku > 365:
    kama mwaka ni mrefu:
        kama siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
    sivyo:
        siku = siku - 365
        mwaka = mwaka + 1
```

Isome polepole. Mstari wa "wakati" ni kitanzi: maadamu siku ni zaidi ya 365, fanya yaliyo ndani, kisha rudi juu uulize tena. Ndani yake kuna sharti la kwanza: mwaka huu ni mrefu? Kama ndiyo, kuna sharti la pili lililofungwa ndani ya la kwanza: siku ni zaidi ya 366? Kama ndiyo tena, toa 366 na songa mbele mwaka mmoja. Ile "sivyo" ya chini ni ya miaka ya kawaida: toa 365, songa mbele.

Swali la kwanza ninalomuuliza mwanafunzi ni hili: "sivyo" ile ni ya nani? Wengi hujibu haraka kwamba ni ya "kama" iliyo karibu nayo, ile ya 366. Siyo. Fuata safu kwa kidole kwenda juu: imepangwa sawa na "kama mwaka ni mrefu". Ni jibu la swali la urefu wa mwaka. Swali la 366 halina "sivyo" yake. Weka alama ya penseli mahali hapo.

Siku ya 10593

Sasa tuipe programu siku yenyewe. Kutoka 1 Januari 1980 hadi 31 Desemba 2008 ni miaka 29. Miaka 29 mara 365 ni siku 10585. Katika miaka hiyo, iliyo mirefu ni minane: 1980, 1984, 1988, 1992, 1996, 2000, 2004 na 2008. Ongeza 8. Saa ya Zune asubuhi ile ilikuwa imeshika 10593.

Kaa chini na kalamu. Wanaofundisha programu huhimiza zoezi hili, na wanafunzi hulikwepa kwa sababu kompyuta ipo na wanaona ni kupoteza muda. Lakini kompyuta itakupa jibu bila kukuonesha safari, na hapa safari ndiyo tunayoitaka.

Mwaka 1980, siku 10593. Ni zaidi ya 365, tunaingia. 1980 ni mrefu. 10593 ni zaidi ya 366, tunatoa. Zinabaki 10227, mwaka 1981.

Mwaka 1981 si mrefu. Tunatoa 365, zinabaki 9862. Mwaka 1982, zinabaki 9497. Mwaka 1983, zinabaki 9132. Mwaka 1984 ni mrefu, tunatoa 366, zinabaki 8766.

Kitanzi kinaenda hivyo bila shida. Tukifika mwanzo wa 2004 mkononi zimebaki 1827. 2004 ni mrefu, zinabaki 1461. Baada ya 2005 zinabaki 1096. Baada ya 2006 zinabaki 731. Baada ya 2007 zinabaki 366, na mwaka sasa ni 2008.

Rudi juu. Siku ni zaidi ya 365? 366 ni zaidi ya 365, kweli. Tunaingia. Mwaka 2008 ni mrefu? Ndio. Siku ni zaidi ya 366? 366 si zaidi ya 366. Jibu ni hapana.

Na sasa? Tafuta mstari unaosema la kufanya. Haupo. "Sivyo" iliyopo ni ya miaka ya kawaida, na huu si mwaka wa kawaida, kwa hiyo inarukwa. Hakuna kilichotolewa wala kilichoongezwa. Programu inarudi juu ikiwa na siku 366 zile zile na mwaka 2008 ule ule. Inauliza: siku ni zaidi ya 365? Kweli. Inaingia. Mwaka ni mrefu? Ndio. Zaidi ya 366? Hapana. Inarudi juu.

Itazunguka hivyo mpaka betri iishe. Ndiyo maana Microsoft waliwaambia watu waache betri iishe: kichakataji, yaani chipu inayotekeleza maagizo, hakikuwa kimekufa, kilikuwa kikijibu maswali yale yale matatu kwa kasi yake yote, na kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa sehemu ya kuwaka, hakikufika kamwe kwenye hatua ya kusikiliza vitufe. Mwenye kifaa anaona kimeganda. Ndani hakuna kilichosimama.

Kwa asiyezoea hesabu, nitumie mlango wa ukumbi wa harusi. Umemweka kijana mlangoni ukamwambia maneno haya tu: "Usiondoke hapa mpaka foleni iishe. Aliye mbele akiwa na kadi, mwingize." Wageni wanakuja na kadi zao, foleni inasogea, kila kitu safi. Kisha mbele anatokea mzee mmoja hana kadi. Kijana hajaambiwa amrudishe, hajaambiwa amsogeze pembeni, hajaambiwa aite kamati. Kuingia haingii kwa sababu hana kadi. Kijana haondoki kwa sababu foleni haijaisha. Wako wote wawili pale mlangoni hadi keki inakatwa ndani, na nyuma ya mzee wamesimama watu thelathini wenye kadi halali. Kijana hajakosea neno hata moja la ulilomwambia.

Tofautisha hali hiyo na mama anayesema: "Kama mvua ikinyesha, anua nguo." Isiponyesha hufanyi kitu, na hakuna anayeumia. Hapo kukosa "sivyo" si dosari hata kidogo. Sharti lisilo na "sivyo" linaruhusiwa, na programu nzuri zimejaa masharti ya namna hiyo. Hatari inaanza pale ambapo kuna kitu kinachosubiri hatua ipigwe. Kitanzi cha Zune kilikuwa kinasubiri siku zipungue. Kila njia ndani ya kitanzi cha aina hiyo ina deni moja: ama ipunguze, ama itoke. Njia moja haikufanya lolote kati ya hayo.

Sharti lililowekwa kwa ajili ya siku hiyo hiyo

Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa zaidi, na ndipo ninapoona wengi wanaokieleza wanapita haraka. Husemwa kwamba mwandishi wa msimbo alisahau mwaka mrefu. Hakusahau. Maneno "mwaka ni mrefu" yameandikwa pale wazi. Wengine husema alisahau siku ya 366. Nalo si kweli, na msimbo wenyewe unamtetea.

Angalia lile sharti la ndani: kama siku > 366. Jiulize, ni lini jibu lake linaweza kuwa hapana? Ili ulifikie sharti hilo lazima uwe umeingia kwenye kitanzi, na ili uingie lazima siku ziwe zaidi ya 365. Kwa hiyo unapolifikia, siku ni 366, au 367, au zaidi. Kuanzia 367 kwenda juu jibu ni ndiyo. Namba pekee inayoweza kutoa hapana ni 366. Na 366 katika mwaka mrefu ina maana moja tu: tarehe 31 Desemba.

Basi sharti lile halina kazi nyingine yoyote duniani isipokuwa siku hiyo moja, mara moja katika miaka minne. Ukiliondoa, siku nyingine zote tarehe itatoka sawasawa. Mtu aliyeliandika alikuwa amekaa akaifikiria 31 Desemba ya mwaka mrefu. Alijua kwamba siku hiyo akitoa 366 kutoka 366 atabaki na sifuri na kujikuta mwaka unaofuata, tarehe isiyokuwepo. Akaweka kizuizi: zikiwa 366 kamili, usitoe. Kizuizi ni sahihi kabisa. Alichokiacha ni nusu ya pili ya wazo lake mwenyewe. Alisema lisilopaswa kufanyika, hakusema linalopaswa kufanyika badala yake, ambalo lilikuwa neno moja: toka.

Nadhani kila aliyewahi kuandika programu ameshapita hapo. Unapoandika "kama", akili yote iko kwenye upande wa ndiyo, maana ndiko kwenye kazi. Unatoa, unaongeza, unahifadhi. Upande wa hapana unahisi kama ni kutokuwepo kwa kazi, kwa hiyo unahisi umekwisha kuushughulikia kwa kule kuuzuia tu. Kompyuta haina hisia hiyo. Kwake upande wa hapana ni njia kamili yenye mwisho wake, hata kama haina mstari mmoja, na itaipita kwa uaminifu ule ule inaopita njia iliyojaa maagizo.

Na kwa nini haikuonekana mapema? Hesabu kifaa kilivyoishi. Kilizaliwa Novemba 2006. Mwaka 2006 ni wa kawaida: 31 Desemba yake ni siku ya 365, kitanzi kinafungwa bila tatizo. Mwaka 2007 vile vile. Mwaka 2008 ndio mwaka mrefu wa kwanza maishani mwake, na hata ndani ya mwaka huo siku 365 za mwanzo hazina kasoro yoyote. Tarehe 29 Februari, ambayo kila mtu angeitilia shaka, ilipita salama, kwa kuwa ni siku ya 60 tu. Tarehe 30 Desemba ni siku ya 365, salama. Kwa zaidi ya siku mia saba mfululizo msimbo ulitoa jibu sahihi. Mtu anayejaribu programu kwa kuitumia tu leo na kesho asingeliona kosa hili hata akiwa makini namna gani. Ilibidi mtu aipe programu namba kwa makusudi: 365, 366, 367, na aipe kwa mwaka mrefu na kwa mwaka wa kawaida. Namba za mpakani. Sharti likiandikwa "zaidi ya 366", jaribio la kwanza liwe 366 yenyewe, kisha jirani zake wa pande zote mbili. Kujaribu 200 na 5000 hakukuambii chochote kuhusu mpaka.

Dawa mbovu na dawa nzuri

Ukimpa anayeanza msimbo ule na kumwambia aurekebishe, dawa ya kwanza anayotoa karibu kila mara ni kubadili alama: badala ya zaidi ya 366, iwe zaidi ya au sawa na 366. Inavutia kwa sababu kifaa hakitaganda tena. Lakini ipitishe kwenye kalamu. Mwaka 2008, siku 366. Ni sawa na 366, tunatoa. Siku 0, mwaka 2009. Kitanzi kinafungwa na programu inatangaza kwamba leo ni tarehe sifuri Januari 2009. Hiyo ndiyo sifuri ile ile ambayo mwandishi wa mwanzo aliikimbia. Kwa maoni yangu dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa: kifaa kilichoganda kinajitangaza, kila mtu anajua kuna shida. Kinachotoa tarehe ya uongo kinaendelea na kazi, na uongo wake unaingia kwenye kumbukumbu.

Dawa ya pili wanayopendekeza ni kugusa kitanzi chenyewe: wakati siku > 366. Zune ya 31 Desemba 2008 itapona, kwa sababu 366 haitaingia tena kwenye kitanzi. Sasa jaribu 1 Januari 2008. Hesabu inafika mwaka 2007 ikiwa na siku 366. Hiyo si zaidi ya 366, kitanzi kinafungwa, na programu inasema leo ni siku ya 366 ya mwaka 2007. Mwaka 2007 hauna siku ya 366. Umehamisha kosa kutoka siku moja katika miaka minne ukalipeleka kwenye kila mwaka mpya unaofuata mwaka wa kawaida.

Dawa inayofanya kazi kwa kugusa kidogo ni kumalizia sentensi ya mwandishi:

```
    kama mwaka ni mrefu:
        kama siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
        sivyo:
            toka kwenye kitanzi
```

Inatosha. Siku 366, mwaka 2008, tunatoka nazo, na hiyo ndiyo 31 Desemba. Lakini mimi nisingeishia hapo, kwa sababu msimbo huu bado una namba mbili tofauti zinazofanya kazi ya mpaka mmoja. Kitanzi kinasema 365, sharti la ndani linasema 366, na pengo la kati ya namba hizo mbili ndilo shimo ambalo Zune ilitumbukia: 366 ilikuwa kubwa mno kutoka na ndogo mno kupunguzwa. Afadhali kuuliza urefu wa mwaka kwanza, kisha kutumia jibu moja kila mahali:

```
urefu wa mwaka:
    kama mwaka ni mrefu: 366
    sivyo: 365

wakati siku > urefu wa mwaka:
    siku = siku - urefu wa mwaka
    mwaka = mwaka + 1
```

Sharti limebaki moja, lina ndiyo na lina sivyo, zote zinatoa namba. Ndani ya kitanzi hakuna "kama" tena, kwa hiyo hakuna njia inayoweza kurudi juu mikono mitupu. Kila mzunguko unapunguza siku. Pitisha 366 kwa 2008: si zaidi ya 366, tunatoka, siku ya mwisho ya mwaka. Pitisha 367: ni zaidi, tunatoa, siku 1 ya 2009. Pitisha 366 kwa 2007: ni zaidi ya 365, tunatoa, siku 1 ya 2008.

Limebaki swali tulilolipita: programu inajuaje mwaka ni mrefu? Nalo ni masharti. Mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu, isipokuwa unaogawanyika kwa 100, ambao si mrefu, isipokuwa tena unaogawanyika kwa 400, ambao ni mrefu. Hivyo 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa mrefu, 2100 hautakuwa. Kiendeshi cha Zune kiliuliza maswali hayo matatu kwa usahihi. Sehemu hiyo haikuwa na kosa. Mpangilio wake ndio wa kuangaliwa na anayeanza: ukiuliza la 4 na kutoa jibu papo hapo, maswali mengine mawili hayafikiwi kamwe.

Sisi wa pwani tuna mfano wa hesabu isiyo na sharti hilo. Mwaka wa Nairuzi, unaosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, huhesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikaongezwa siku tano, jumla 365. Hauna siku ya nyongeza. Ukihesabu siku kwa Nairuzi, kitanzi ni cha mstari mmoja na hakigandi. Gharama yake ni kwamba mwaka huo husogea polepole ukilinganishwa na kalenda ya Januari na Desemba, takriban siku moja kila miaka minne. Kalenda iliyokataa kusogea ndiyo iliyolazimika kubeba "kama".

Ninachowaomba ninaowafundisha ni kitendo kimoja cha mkono. Kila unapoandika "kama", kabla hujaenda mstari unaofuata, andika pembeni kwa maneno yako mwenyewe: isipokuwa hivyo, kitatokea nini? Kama jibu ni "hakuna kitu", liandike hivyo hivyo, "hakuna kitu", kisha tazama juu uone kama uko ndani ya kitanzi. Ukiwa ndani ya kitanzi, "hakuna kitu" ina maana ya kurudi juu na namba ulizokuja nazo. Mwandishi wa kiendeshi kile angeandika maneno mawili hayo mbele ya sharti la 366, nina hakika angeliona shimo siku hiyo hiyo, maana alikuwa ameshaifikiria tarehe yenyewe.

Tarehe 1 Januari 2009 saa ya ndani ilihesabu 10594. Msimbo ulikuwa ule ule, hakuna aliyekuwa amegusa herufi ndani ya kifaa chochote. Kitanzi kikashuka miaka yake 28 na kufika 2008 kikiwa na siku 367. Zaidi ya 365, kweli. Mwaka mrefu, ndiyo. Zaidi ya 366, kweli. Ikatolewa, ikabaki siku 1, mwaka 2009, na vifaa vikawaka vikaanza kupiga muziki. Mwezi Oktoba 2011 Microsoft walisitisha kutengeneza Zune za aina zote, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya 31 Desemba inayofuata ya mwaka mrefu. Siku hiyo ya 2012 ni ya 12054 tangu 1980. Chukua karatasi, anza na namba hiyo kwenye msimbo wa kwanza, shuka mwaka kwa mwaka, na uandike siku zinazobaki utakapofika 2012.